Adhabu kwa wahamishaji mizigo wasiosajiliwa Marekani

Nchini Marekani, wanakoishi maelfu ya Wakenya, kampuni inayohamisha vyombo vya nyumbani kutoka jimbo moja hadi jingine sharti isajiliwe na Wizara ya Uchukuzi ya serikali kuu. Sheria ya mwaka wa 2005 iliweka faini isiyopungua dola 25,000 kwa kila kosa la kuhudumu bila usajili.

Mbaya zaidi ni hila ya kuzuilia mizigo ili mwenyewe aongeze pesa. Faini yake ilianzia dola 10,000, kila siku ikiweza kuhesabiwa kuwa kosa jipya, na mhusika aweza kufungwa hadi miaka miwili. Palipo na makadirio tu ya bei, mteja akilipa asilimia 110 ya makadirio hayo, mwenye lori hana budi kumkabidhi vyombo vyake; salio litadaiwa baadaye.