Kitabu Kilichosubiri Kivuko cha Ndundu

Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mwaka 1994, chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, wanafunzi wa mwanzo walianza masomo. Wengi walikuwa walimu na watumishi wa umma, watu wasioweza kuacha kazi wala familia. Chuo ndicho kilichotakiwa kuwafuata. Maktaba yake, hata hivyo, ilibaki Dar es Salaam.

Kwa mtu wa Nyamwage, kijiji cha Mkoa wa Pwani kusini mwa Mto Rufiji, safari ya kuifuata ilikuwa na mto katikati, na daraja halikuwapo. Magari ya Lindi na Mtwara yalipanga foleni Ndundu kusubiri kivuko, na masika yakichachamaa barabara yenyewe ilikuwa haipitiki. Kitabu cha kuazima kina tarehe ya kurudishwa, na tarehe haijui mafuriko. Aliyeishi mbali namna hiyo alishikilia vijitabu vya masomo na kurasa alizotoa kopi mjini, alipokwenda kwenye vipindi vya ana kwa ana. Kwangu hiyo ni hasara kubwa: anayesoma muhtasari wa mhadhiri tu hapati nafasi ya kumpinga.

Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto huo, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na kivuko kikastaafu. Ila kituo cha chuo cha Mkoa wa Pwani kiko Kibaha. Abiria wa basi kutoka Nyamwage hupita Dar es Salaam kwanza, akayaacha makao makuu ya chuo pale Kinondoni, ndipo aende kwenye kituo cha mkoa wake!

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam, na intaneti ya kasi ikafungua njia ya vitabu na majarida ya kielektroniki. Leo maktaba iko kwenye simu. Lakini mtazame anayeisoma: ukurasa uliopangwa kwa karatasi kubwa hauenei kwenye kioo, kidole kinausukuma kulia kumaliza mstari, kinaurudisha kushoto kuanza mwingine, huku bando likiisha.

Kwa msomaji huyo, chumba chenye meza, umeme, kompyuta mbili na vitabu vya msingi kwenye shule ya kata kingetosha kuanzia, pamoja na mkutubi wa kupokea simu jioni, saa ambayo mwalimu amemaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.