Cheti cha Mama Lishe na Maji ya Machimbo

Anayetaka kuuza chakula Geita, Kahama au Shinyanga mjini hutakiwa kupimwa kwanza. Hutoa choo, mkojo na damu, afisa afya hugonga muhuri kwenye cheti, na baada ya miezi 6 huanza upya. Mzizi wa hofu iliyozaa vipimo hivi uko mbali na Usukumani. Mwaka 1907 mamlaka za New York zilimkamata Mary Mallon, mpishi mhamiaji kutoka Ireland, kwa kuwa alibeba vimelea vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Tangu hapo mwili wa mpishi ukawa jambo la serikali. Katika Tanganyika chini ya Waingereza, ukaguzi wa chakula ulifuata miji: palipokuwa na soko, machinjio na viwanja vilivyopimwa, bwana afya alijua wapi pa kubisha hodi. Migodi ya zamani nayo ilikuwa na mpaka. Mwadui, ulioanza baada ya mwanajiolojia Williamson kugundua almasi mwaka 1940, ulikuwa mji wa kampuni wenye uzio na hospitali yake. Mgodi wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, nao ulikuwa chini ya mwajiri mmoja.

Machimbo ya wachimbaji wadogo, yaliyotapakaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hayana uzio. Rashi, yaani wimbi la watu wanaokimbilia dhahabu, ikitokea, maduara (mashimo ya kuchimbia) huchimbwa kabla ya choo, na mama lishe hufika na sufuria zake pamoja na wachimbaji. Hapo ndipo ninapoona cheti kinamwelemea asiyestahili. Kinamkagua mwanamke, ilhali hatari kubwa iko kwenye ndoo yake: maji ya dimbwi, wakati mwingine jirani na mwalo wa kuoshea dhahabu, na kichaka kinachotumika kama choo. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam mwaka 2015 na kusambaa katika mikoa mingi ya Bara hakikuhitaji mpishi mgonjwa. Maji machafu yalikitosha.

Wapo watakaosema kwamba wabebaji wa homa ya matumbo wapo kweli, na bila cheti kila mtu atapika apendavyo. La kwanza ni sahihi. Lakini mbebaji hatoi vimelea kila siku, hivyo kipimo cha siku moja chaweza kumkosa, na aliyepimwa leo aweza kuambukizwa kesho kutwa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walihitimisha mwaka 1989 kwamba kuwapima wahudumu wa chakula mara kwa mara hakuna tija. Walisisitiza mafunzo, na mwenye kuhara kuacha kazi mpaka apone. Kinachonigusa ni kwamba ada na nauli ya kufuata vipimo mjini hutoka kwenye mtaji uleule ambao ungenunua pipa lenye bomba na sabuni.

Wengine watasema kambi inayohama haiwezi kufikishiwa maji. Mradi wa maji wa Ihelele ulitoa maji Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga mwaka 2009, kwa hiyo umbali peke yake si hoja. Kambini hata bomba si lazima: mtoza ushuru hufika, na lori la maji na klorini vingefika kwa njia ileile. Tatizo lina sura ya kiofisi. Leseni ya uchimbaji mdogo hutoka Tume ya Madini, afisa afya yuko halmashauri, na kati yao maji ya kambini hayana mwenyewe.