Maji, Mafuta na Kivuli: Utunzaji wa Ngozi Katika Nyanda za Ufipa

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mashairi peke yake. Umo pia katika mambo madogo ya kila siku: namna mtu anavyooga, anavyojipaka mafuta, na anavyojitazama katika kioo. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi ngozi ilivyotunzwa katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, na kuonyesha kwamba utaratibu anaouhitaji kijana wa leo ni mfupi, nao ni wa zamani kuliko duka lolote la vipodozi.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ufipa imeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga, karibu na Milima ya Mbizi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua hukatika kiasi cha mwezi wa Mei. Juni na Julai huja baridi na upepo mkavu. Upepo huo huinyang'anya ngozi maji yake, midomo ikapasuka, miguu ikapauka, visigino vikafanya magaga. Tena kuna jua. Kila mtu apandapo mita 1,000, miale ya jua iunguzayo huongezeka kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mkazi wa nyanda za juu hudanganyika kwa urahisi: mwili unasikia baridi, kumbe ngozi inaungua.

Wazee wetu walilijibu tatizo hilo kwa vitu vilivyokuwa karibu nao. Penye ng'ombe palikuwa na siagi na samli. Na mbarika uliota hata nyuma ya nyumba. Mbegu za mbarika zilikaangwa, zikatwangwa kinuni, kisha zikachemshwa katika maji mengi. Mafuta yalipoelea yaliengulliwa polepole na kuchemshwa tena mpaka maji yaishe. Kazi hiyo ilitaka uangalifu, maana mbegu mbichi ya mbarika ni sumu kwa mlaji. Mtoto alioga, akapakwa mafuta kabla mwili haujakauka kabisa. Elimu ya leo inaithibitisha hekima hiyo: mafuta hayaleti maji katika ngozi, bali huyazuia yaliyomo yasitoroke.

Sabuni ya dukani ilipoenea, wengi walianza kuyadharau mafuta ya mbarika kwa sababu ya harufu yake. Lakini sisi tuliokuwa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka jinsi yalivyorudi. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika nchini. Mche mmoja wa sabuni ulikatwa kwa uzi na kugawanywa vipande, na mafuta mazuri ya kujipaka yakawa hadithi. Ndipo mama zetu walipoitoa tena chupa ya mbarika. Tulicheka harufu, tukajipaka, na asubuhi ya kipupwe tukaingia darasani miguu ikiwa haijapasuka. Dhiki ilitufundisha kwamba tulichokiita ushamba kilikuwa akiba.

Dharau nyingine ilikuwa kubwa zaidi, nayo ni ya kuidharau rangi yenyewe. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili Watanganyika wajivunie vyao. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo pamoja na sketi fupi na mawigi ilipiga vita dawa za kung'arisha ngozi. Nia ya kulinda heshima ya Mwafrika ilikuwa njema; lakini hatuna budi kusema kweli kwamba wasichana wengine walibughudhiwa mitaani Dar es Salaam, na kwamba amri ilikataza bila kufundisha. Mwaka 1972 waganga wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa wa figo ambao wengi wao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hapo ikadhihirika kwamba jambo hili si la fahari tu, bali ni la uhai. Hata hivyo mkorogo ungalipo, japokuwa vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini.

Basi kijana anayeanza afanye nini? Asubuhi anawe kwa maji na sabuni isiyo kali, ajipanguse bila kujisugua, ajipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mwenye chunusi apake kidogo tu usoni, wala asizitumbue. Mchana avae kofia yenye ukingo mpana, atafute kivuli. Jioni aondoe vumbi, ajipake tena. Kitu kipya akijaribu kwanza mkononi, siku chache, kabla ya kukipeleka usoni. Kidonda kisichopona akipeleke kituo cha afya.

Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, kivuli si anasa. Ngozi yake haina kinga ya rangi, na jua la Ufipa laweza kumletea saratani mapema. Mafuta maalumu ya kukinga jua hutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Mwalimu anayemruhusu kuvaa kofia na mikono mirefu, na kumketisha mbali na dirisha lenye jua, ametimiza kazi ya uganga bila kuwa mganga.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Hatusemi kila mtu arudie mbarika. Mafuta safi ya aina nyingine yatafaa vilevile. Tunasema kwamba wazee waliitunza ngozi waliyopewa, wala hawakutafuta nyingine. Somo hilo na lifundishwe darasani, kabla mwenye kuuza mkorogo hajawahi kulifundisha lake.