Hoja za Kuwepo kwa Mungu: Kutoka Ulaya ya Zama za Kati hadi Vilima vya Kampala

Hoja za kuwepo kwa Mungu ni jitihada za wanafalsafa kuthibitisha kwa akili, bila kuegemea maandiko matakatifu, kwamba Mungu yupo. Kwa Wakristo wa Ulaya zilistawi kuanzia karne ya 11. Uganda ziliingia kwa mlango wa seminari.

Mnamo 1078 hivi, mtawa Anselmo, baadaye askofu mkuu wa Canterbury, alieleza kwamba Mungu ni yule ambaye akili haiwezi kuwaza aliye mkuu kumzidi. Basi hawezi kuwa wa mawazoni tu, kwani aliyepo kweli anamzidi wa mawazoni. Mtawa mwenzake, Gaunilo, akamjibu: kwa mtindo huo, ukiwaza kisiwa bora kuliko vyote, lazima nacho kiwepo! Jibu hilo bado lina makali.

Thoma wa Akwino (1225–1274) naye hakuridhika na Anselmo. Alitoa njia tano zinazoanza na yanayoonekana: mwendo wa vitu, visababishi vyake, vitu vinavyoweza kuwepo au kutokuwepo, ngazi za ubora, na mpangilio wa maumbile. Njia yake ya tatu ina deni kwa Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037. Bonaventura, wa zama zake, alishikilia kuwa akili pekee yaweza kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo, kama mwanateolojia Mwislamu al-Ghazali alivyodai kabla yake. Thoma alikataa: hilo, alisema, hujulikana kwa imani.

Kwa hiyo msikiti mkubwa wa Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na kanisa kuu la Rubaga ng'ambo ya bonde, ni warithi wa mjadala mmoja. Historia ya kilima chenyewe cha Old Kampala ni ya bunduki zaidi. Ofisa Mwingereza Lugard alijenga ngome hapo Desemba 1890, na tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana, bunduki ya Maxim ikiwasaidia Waprotestanti. Waligombea madaraka ya Buganda. Kwamba Mungu yupo, pande zote zilikubali.

Hoja za Thoma zilipitia kwa shirika la Kikatoliki la Wamisionari wa Afrika, waliofika Buganda Februari 1879. Agosti mwaka huohuo Papa Leo XIII alitoa waraka wa kuirudisha falsafa ya Thoma katika shule za Kanisa. Seminari kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, ilianza 1911, na Waganda wawili wa kwanza wakapadrishwa 1913.

Upinzani mkali zaidi dhidi ya falsafa ya namna hiyo ulitoka kwa mwandishi Mwacholi Okot p'Bitek. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwashutumu wasomi, akiwemo John Mbiti wa Makerere, kwa kuwavisha miungu wa Kiafrika mavazi ya Kiyunani: mweza yote, wa milele, asiyebadilika. Mbiti alikuwa amekusanya habari za Mungu kutoka kwa karibu jamii 300 za Afrika. Kazi yake ni hazina, lakini shutuma ya Okot haikujibiwa kwa wingi wa mifano. Seminari za Uganda, hata hivyo, zingali zinafundisha falsafa kabla ya teolojia.