Kutoka Soko la Ujiji hadi Njiapanda ya Mwandiga: Mikakati ya Biashara ya Nje katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika, 1858–1961

Mwandiga ni mji mdogo ulio nje kidogo ya Kigoma. Barabara itokayo Kigoma hugawanyika hapo: moja huelekea Kasulu, nyingine Manyovu kwenye mpaka wa Burundi. Mfanyabiashara wa mawese au dagaa anayelenga soko la ng'ambo ya mpaka hukabiliwa na swali lililowakabili waliomtangulia: bidhaa zibadilishe mikono wapi, na mahali hapo pamilikiwe na nani? Historia ya mwambao huu inaonesha majibu manne.

Jibu la kwanza lilikuwa mkopo. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia. Mtaji ulitoka Unguja, ambako matajiri wa Kihindi kama Taria Topan waliwakopesha wakuu wa misafara, akiwamo Tippu Tip, na kulipwa kwa pembe za ndovu. Tajiri hakulazimika kuliona ziwa. Alichohitaji ni kumjua mdeni wake. Gharama ya mkakati huo ililipwa na wengine, kwa kuwa katika misafara hiyo hiyo binadamu pia waliuzwa kama bidhaa.

Jibu la pili lilitolewa sokoni Ujiji. Cameron, aliyefika mwaka 1874, alieleza kuwa bei zilihesabiwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Soko lilipofunguliwa, wabadilishaji waliwapa wanunuzi sofi kwa shanga za aina nyingine. Lilipofungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Walipata faida mara mbili bila kubeba mzigo wowote. Mgeni aliyekuja na mali nyingi bado alipaswa kupitia mikononi mwa wenyeji hao.

Jibu la tatu lilikuwa reli. Mwaka 1914 Reli ya Kati, iliyojengwa na kampuni ya Kijerumani, ilifika ziwani. Kituo cha mwisho kikawa Kigoma, penye bandari ya kina kirefu, si Ujiji. Mkopo na sofi havikuweza kuihamisha reli, na Ujiji ikapoteza nafasi iliyoishikilia kwa miongo mingi.

Jibu la nne lilikuwa mkataba. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kuwa Wabelgiji wapewe maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, bila kikomo cha muda. Hivyo shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zilipata mlango wa bahari ndani ya nchi ya wengine. Wenye ardhi hawakuwamo katika makubaliano hayo. Ndiyo sababu mwaka 1961 Julius Nyerere alisema kuwa upangishaji wa milele haupatani na hadhi ya nchi huru.

Kwa ujumla, faida kubwa zaidi haikumfuata aliyezalisha bali aliyemiliki mahali pa kubadilishana. Aidha, umiliki huo haukudumu: ulihama kutoka kwa mtu hadi soko, reli, kisha hati. Njiapanda ya Mwandiga ni fursa ya aina hiyo hiyo. Barabara ikitumika kupitisha mawese tu, ilhali mkopo, maghala na upangaji wa bei viko mikononi mwa wengine, mkulima atabaki kuutazama mzigo wake ukipita, kama Ujiji ilivyoitazama reli ikiishia Kigoma.