Fazaa ya Maskati: vijana wa kujitolea na vimbunga vya Oman

Fazaa katika Kiswahili ni hofu na kuchanganyikiwa. Nchini Oman neno hilohilo la Kiarabu lina maana nyingine pia: kukimbilia kumsaidia jirani aliyefikwa na janga. Historia ya vijana wa kujitolea wa Maskati ni safari ya kutoka maana ya kwanza kwenda ya pili.

Dhoruba si jambo geni huko. Mwezi Juni mwaka 1890, kimbunga kiliua watu zaidi ya 700. Vizazi vikapita, kumbukumbu ikafifia, na makorongo makavu yaitwayo wadi yakageuka kuwa njia na viwanja vya kujengea.

Tarehe 5 na 6 Juni 2007 kikaja kimbunga Gonu, jina lililotolewa na Maldivi, lenye maana ya pakacha la makuti. Watu wapatao 50 walipoteza maisha. Maji yalishuka kwa kishindo kutoka milimani, yakakata barabara na kufurika mtaa wa Qurm. Mji wa Qurayyat nao ukaumia vibaya. Mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, ya Ghubra na Barka, ikasimama. Mji uliojaa mafuriko ukawa na kiu. Jeshi na polisi waliingia kazini, na wakaazi wakagawana walichokuwa nacho.

Miaka 14 baadaye, tarehe 3 Oktoba 2021, kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya Batina, kaskazini-magharibi ya mji mkuu. Khabura ilipata mvua ya zaidi ya milimita 300, ambayo ni mvua ya miaka kadhaa. Safari hii vijana wa Maskati hawakusubiri. Pamoja na wenzao wa mikoa mingine walikwenda Suwaiq na Khabura wakiwa na majembe, ndoo na mifagio, wakazoa tope majumbani na misikitini. Shirika la Hisani la Oman, lililoundwa mwaka 1996, likawa mlango wa michango.

Hata hivyo, moyo peke yake hautoshi. Msafara wa magari usio na mpango waweza kuziba njia ya gari la wagonjwa. Nyumba iliyo kando ya barabara hupata magodoro mawili, na ile ya mwisho wa kijiji isipate hata blanketi. Ndiyo maana kijana wa kujitolea anahitaji kuandikishwa, kufunzwa huduma ya kwanza na kujua anaripoti kwa nani, kabla mawingu hayajatanda.

Somo hili si la Oman pekee. Zanzibar nayo, Aprili 1872, iliamka na kukuta mikarafuu imelala chini kwa kimbunga. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.