Vokoda, Sampla na Auto-Tune: Safari ya Sauti ya Binadamu katika Muziki wa Klabu

Vokoda, mashine kongwe kuliko zote zilizobadili sauti ya uimbaji katika muziki wa kielektroniki, ilianza kama kifaa cha simu. Mwaka 1928 mhandisi Homer Dudley wa maabara ya Bell nchini Marekani alikuwa akitafuta namna ya kupitisha mazungumzo kwenye nyaya za baharini ambazo hazikuwa na nafasi ya kubeba sauti nzima ya mtu. Alitambua kwamba usemi una mambo mawili. La kwanza ni mvumo unaotoka kwenye nyuzi za koo, pamoja na pumzi inayosikika katika herufi kama s na f. La pili ni umbo ambalo mvumo huo hupewa na ulimi, midomo na taya. Viungo hivyo hujongea polepole kuliko mawimbi yenyewe ya sauti, kwa hiyo alichohitaji kusafirisha ni vipimo vya mwendo huo tu. Mashine yake iliigawa sauti katika mafungu kumi ya masafa na kupima nguvu ya kila fungu. Vipimo vilitumwa upande wa pili, na huko mashine nyingine ilitoa mvumo wake yenyewe na kuufinyanga upya uwe maneno. Hataza ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1939.

Neno la kuzingatia hapo ni mvumo. Wa upande wa pili haulazimiki kuwa wa binadamu. Unaweza kuwa wa kinanda, filimbi au injini, nao utatamka maneno yaleyale. Iliwachukua wanamuziki miongo kadhaa kunufaika na siri hiyo.

Kabla yao vilitangulia vita. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilianza kutumia SIGSALY, mtambo wenye uzito wa zaidi ya tani 50 uliotegemea vokoda kuficha mazungumzo ya viongozi kati ya Washington na London. Upande wa London uliwekwa chini ya duka kubwa la Selfridges. Sauti ilivunjwa kuwa tarakimu, kisha ikachanganywa na kelele zilizorekodiwa kwenye santuri. Kila santuri ilikuwa na pacha wake ng'ambo ya bahari, na meza mbili za kuchezea santuri zilipaswa kuzunguka kwa mwendo mmoja bila kupishana. Ufundi wa kulinganisha santuri mbili, ambao madisko ya New York yangekuja kuujengea jina miaka ya sabini, ulikuwa tayari umefanya kazi ya siri kati ya Roosevelt na Churchill.

Vita vilipokwisha, Dudley alifika Bonn, Ujerumani, mwaka 1948 na kuionyesha vokoda kwa mwanafonetiki Werner Meyer-Eppler. Huyu aliichukua kwa uzito wa kimuziki. Mihadhara yake ilichangia kuanzishwa kwa studio ya muziki wa kielektroniki ya redio ya Cologne, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Karlheinz Stockhausen. Mwaka 1956 Stockhausen alitoa humo Gesang der Jünglinge, kazi iliyochukua sauti ya mvulana, ikaikatakata kwenye kanda na kuiunganisha na milio ya mitambo hadi msikilizaji asijue mtoto anaishia wapi na mtambo unaanzia wapi. Haikuwa muziki wa kuchezeka hata kidogo. Hata hivyo, karibu kila mbinu ya sauti inayotumika klabuni leo imo ndani yake, tena iliyofanywa kwa mkasi na gundi.

Njia ya kuelekea kwenye ukumbi wa dansi ilipitia Düsseldorf, mji jirani wa Cologne. Florian Schneider na Ralf Hütter wa kundi la Kraftwerk walitumia vokoda katika Autobahn ya mwaka 1974, kisha wakaifanya sauti rasmi ya kundi katika The Robots ya 1978. Wendy Carlos alikuwa amekwisha kuimbisha mashine kama hiyo, iliyoundwa pamoja na Robert Moog, katika muziki wa filamu A Clockwork Orange ya 1971. Kraftwerk walitofautiana naye katika jambo moja: waliiweka sauti hiyo juu ya mdundo usiobadilika. Mwaka 1977 Giorgio Moroder, akiwa Munich, alifanya vivyo hivyo kwa disko katika From Here to Eternity. Viwanda navyo viliamka. Korg ilitoa VC-10 mwaka 1978, Roland ikafuata na VP-330 mwaka 1979, na vokoda ikawa kinanda ambacho bendi ingeweza kukinunua dukani.

Hapa inafaa kutenganisha vokoda na ndugu yake anayechanganywa nayo kila mara. Bomba la mdomoni, wanaloliita tokiboksi, halina hesabu yoyote. Sauti ya gitaa au sintesaiza husukumwa kwenye mpira hadi kinywani mwa mwanamuziki. Naye huchezesha midomo kana kwamba anasema, na maikrofoni iliyo mbele yake hunasa matokeo. Bingwa wake alikuwa Roger Troutman wa kundi la Zapp kutoka Ohio, aliyeipa fanki ya mwaka 1980 na kuendelea ile sauti tamu ya mashine inayobembeleza. Utamu huo unatokana na kwamba kinywa ni kinywa cha kweli. Vokoda haijawahi kuufikia.

Planet Rock ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, iliyorekodiwa New York mwaka 1982 kwa kuazima muziki wa Kraftwerk, mara nyingi hutajwa kuwa kazi ya vokoda. Sivyo. Prodyuza Arthur Baker na wenzake waliipitisha sauti kwenye kifaa cha mwangwi cha Lexicon kilichorekebishwa ili mwangwi uwe mfupi mno, ukarudi kabla neno halijaisha na kuipa sauti mlio wa bati. Kutokana na rekodi hiyo elektro ilienea, na huko Detroit Juan Atkins na kundi lake la Cybotron wakatoa Clear mwaka 1983, mojawapo ya misingi ya tekno.

Wakati huohuo mashine ya aina nyingine kabisa ilikuwa ikiingia studio. Sampla haifinyangi sauti; huirekodi kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuiweka chini ya kibonyezo cha kinanda. Fairlight CMI ya Australia ilitoka mwaka 1979, ikawa ghali mno kwa watu wa kawaida. Akai S900 ya 1986 ndiyo iliyofika kwenye vyumba vya vijana. Kwa ubora wake wa juu iliweza kuhifadhi sekunde zisizotimia 12, na uhaba huo ukazaa mtindo. Asiyeweza kuhifadhi ubeti mzima huhifadhi neno, na akiligonga neno hilo mara nane kwenye kibonyezo, anapata kigugumizi chenye mdundo. Mwanzoni mwa 1987 Jack Your Body ya Steve "Silk" Hurley wa Chicago, wimbo wa hausi wenye maneno machache yanayorudiwarudiwa, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza.

Sampla za mwanzo zilikuwa na tabia nyingine: noti ikipanda, kasi nayo hupanda, na sauti ya mtu mzima hugeuka ya kitoto. Watayarishaji wa rave ya Uingereza walilipenda jambo hilo. Mwaka 1992 Utah Saints walichukua sauti ya mwimbaji Kate Bush na kuiweka kwenye kilele cha wimbo wao Something Good. Akai ilipoleta uwezo wa kuirefusha sauti bila kuishusha, hesabu zake hazikuwa nzuri. Neno lililonyoshwa sana lilitoka likikwaruza kama chuma. Watayarishaji wa muziki wa jungle walilivuta makusudi hadi likwaruze zaidi.

Lakini sauti iliyokatwa ilikuwa ya mtu. Mwaka 1989 kundi la Italia, Black Box, lilitoa Ride on Time, wimbo uliokaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki sita na kuwa singo iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka huo. Sauti iliyoubeba wimbo ilikatwa kutoka Love Sensation ya mwaka 1980 ya Loleatta Holloway, mwimbaji wa Chicago aliyekulia katika nyimbo za injili. Kwenye televisheni alionekana mwanamitindo akifumba na kufumbua midomo. Holloway hakuombwa ruhusa wala hakutajwa. Ilibidi wanasheria waingilie ndipo akalipwa. Martha Wash alipitia mkasa unaofanana mwaka uliofuata. Aliimba kiitikio cha Gonna Make You Sweat ya C+C Music Factory, na kwenye video akaonekana mwanamke mwingine. Kesi zake zilisaidia iwe kawaida kwa waimbaji wa aina hiyo kutajwa kwenye rekodi na video. Haya si mambo ya pembeni katika historia hii. Kizazi kizima cha muziki wa klabu kilisimama juu ya koo za wanawake weusi waliofunzwa kanisani, na wengi wao hawakupata walichostahili.

Ukataji wenyewe ulizidi kuwa mdogo na wa kifundi. Marc Kinchen wa Detroit, maarufu kama MK, aliivunja sauti ya kundi la Nightcrawlers katika remiksi ya Push the Feeling On hadi maneno yakapoteza maana na kubaki irabu zinazoruka juu ya besi. Todd Edwards wa New Jersey aliendeleza njia hiyo kwa kushona vipande vidogo kutoka santuri nyingi kuwa wimbo mmoja, na UK garage ya London ikamchukua kama mwalimu.

Auto-Tune ilitoka mwaka 1997. Mvumbuzi wake, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa mawimbi ya ardhini aliyefanya kazi katika utafutaji wa mafuta. Hesabu ya kulinganisha wimbi na nakala yake iliyocheleweshwa, aliyoizoea katika fani ya mawimbi, aliitumia kutambua noti anayoiimba mtu na kuisogeza kwenye noti sahihi iliyo karibu. Programu ilikuwa na kirekebishi cha kasi, kwa kuwa sauti ya mtu huteleza taratibu kutoka noti moja kwenda nyingine na marekebisho hayana budi kuteleza pamoja nayo. Kasi ikiwekwa sifuri, mtelezo hufutika na sauti huruka ngazi kwa ngazi.

Mark Taylor na Brian Rawling, walipokuwa wakitayarisha Believe ya Cher jijini London mwaka 1998, walifanya hivyo hasa. Wimbo ulikaa wiki saba kileleni Uingereza na ukaongoza Marekani mwaka uliofuata. Walipohojiwa na jarida la Sound on Sound mapema 1999, watayarishaji walidai kuwa wametumia vokoda, ili siri yao isiibwe. Haikudumu. Mwaka 2000 Daft Punk walitumia Auto-Tune juu ya sauti ya mwimbaji Romanthony katika One More Time, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kuificha.

Uwezo wa kupandisha noti huku umbo la koo likibaki, au kubadili umbo huku noti ikibaki, ulifungua mlango mwingine. Karin Dreijer wa The Knife aliimba Silent Shout ya 2006 kwa sauti ambazo si za kike wala za kiume. Mwaka uliofuata Burial wa London, katika Untrue, alizipandisha na kuzishusha sauti alizookota kwenye nyimbo za mapenzi hadi zikawa za watu wasiokuwepo. Kwa uzito wa hisia, hakuna albamu ya fani hii iliyoipita. Mwaka 2015 Skrillex na Diplo walikipandisha kipande cha uimbaji wa Justin Bieber katika Where Are Ü Now hadi kikasikika kama fidla, na chati za pop zikajaa viitikio vya sauti isiyo na maneno.

Dar es Salaam ilikuwa ikifika huko kwa njia yake. Singeli, iliyokulia Manzese, Tandale na Mburahati, ilichukua vipande vya taarabu na mchiriku na kuviharakisha kwenye kompyuta hadi kuvuka mipigo 200 kwa dakika. Sounds of Sisso, mkusanyiko uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, uliufikisha muziki huo kwenye klabu za Ulaya.

Programu za sasa hazihitaji tena kipande cha rekodi; hujifunza sauti ya mtu na kuimba chochote kwa sauti hiyo. Mapema 2023 David Guetta alipiga jukwaani mistari iliyotengenezwa kwa akili mnemba ikiiga sauti ya Eminem. Miezi michache baadaye Grimes aliwaruhusu watu watumie sauti yake ya kompyuta kwa sharti la kugawana mapato nusu kwa nusu. Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria inayoitambua sauti ya mtu kuwa mali yake, nayo ilianza kufanya kazi Julai 2024.